Kiti cha Usaili

Shangazi alikuwa na makengeza, na afadhali tuliseme mapema lisije likatusumbua mbele ya safari. Jicho la kulia lilikutazama wewe. La kushoto lilikuwa na shughuli zake upande wa dirishani. Alizaliwa nayo. Majirani walisema macho yake yamegombana na hayajapata msuluhishi, na yeye aliposikia alicheka pamoja nao, maana utani ukiwa mzuri ni mzuri hata ukikuangukia mwenyewe. Kuna neno moja tu ambalo hakulicheka, na hilo ndilo lililoiangusha ofisi nzima.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ofisini. Hilo ni jina walilompa wafanyakazi kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyejua nani ana mtoto mgonjwa na nani kagombana na mwenye nyumba. Ofisi yenyewe ilikuwa ya kuwatafutia watu kazi. Mwenye hoteli akitaka wapishi, mwenye kiwanda akitaka walinzi, anapiga simu, ofisi inasaili watu na kumpelekea waliofaa. Mwenye ofisi alikuwa mume wa dada yake, na sisi tutamwita Shemeji kama alivyomwita yeye. Walianza wawili, katika chumba kimoja juu ya fundi cherehani. Shemeji alizunguka mjini kutafuta wateja kwa sababu alikuwa na mdomo. Shangazi alisaili kwa sababu alikuwa na benchi.

Msicheke. Benchi lilikuwa kwenye ujia, refu, la mbao, mguu mmoja mfupi, na hapo ndipo wanaotafuta kazi walipokaa kusubiri. Shangazi alifika mapema kuliko wote, akakaa katikati yao na mkoba magotini, akanyamaza kama maji mtungini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani kwamba huyo ndiye atakayemsaili. Binadamu ndivyo tulivyo: tukimwona mtu ana kasoro usoni, tunamhesabu kuwa ameshashindwa. Wapo waliomwonea huruma. Wapo waliosogea pembeni asije akawaambukiza mkosi. Mmoja alimnong'oneza kwa upole kabisa kwamba arudi nyumbani, asipoteze nauli bure.

Basi watu waliongea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya ukuta. Walisema kwa nini walifukuzwa kule walikotoka. Waliwasema mabosi wao wa zamani. Shangazi aliona nani kampisha mama mwenye mimba na nani kajifanya amelala. Tena hakuna aliyejua anatazamwa, maana kwa macho yale ungejuaje? Akishashiba kuona, alisimama, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha mbao chenye mikono alichoachiwa na marehemu baba yake, akamwita wa kwanza. Nyuso ziliwashuka wengi siku hizo.

Swali lake lilikuwa moja. "Niambie kitu ulichowahi kukifanya vizuri na hakuna aliyekuona." Halafu ananyamaza. Waongo walijibu haraka. Wakweli walihangaika, wengine walitokwa na machozi, na hao ndio aliowapeleka kazini. Na wakienda walikaa. Kuna daktari mmoja, mwanamke, mwenye zahanati ndogo, alipelekewa wafagiaji ambao miaka ilipita na bado walikuwa wanafagia hapo hapo, wakijua wagonjwa wote kwa majina. Kwa sifa hizo ofisi ilinenepa, na Shemeji naye akanenepa nayo.

Ofisi ikinenepa inataka kuhama. Walihamia upande wa pili wa barabara, jengo jipya, ghorofa ya juu, kuta za kioo na viti vinavyozunguka. Benchi liliachwa kule kwa fundi cherehani. Shemeji alianza kupaka nywele rangi, akaanza kusema maneno kama "mwonekano" na "hadhi". Siku moja alirudi na kijana mrefu, suti imemkaa vizuri, meno meupe mpaka unatamani umwambie afunge mdomo kidogo upumzishe macho. Wafanyakazi walimpa jina la Tabasamu kabla hata hajakaa.

"Huyu ndiye atakuwa anasaili," Shemeji alisema. Alisema huku akimtazama Shangazi kwenye paji la uso. Hakuwahi kumtazama machoni tangu siku ile alipokuja kuchumbia kwao, mama yao akamficha Shangazi jikoni asionekane na wageni, naye kwa bahati mbaya akatoka na jagi la maji. Shemeji alishtuka, akaligonga jagi, maji yakamlowesha suruali yote. Tangu hapo alikuwa mtu wa paji la uso.

"Na mimi?" Shangazi aliuliza.

"Wewe utakuwa nyuma, Shem, kwenye simu. Kazi ni ile ile. Ila biashara ya siku hizi ni sura. Usilichukulie vibaya."

Nyuma kwenyewe kulikuwa ni chumba cha stoo. Kiti cha baba yake kilikuwa kimeshatangulia huko, kimepakiwa maboksi juu.

Hata hapo angevumilia. Siku ya ufunguzi ndiyo iliyoharibu. Wageni walikuja, juisi ikamiminwa, na aliyekuwa akiimimina nyuma ya pazia ni Shangazi. Dada yake alikuwa mbele, amesimama karibu na mumewe, kapambwa kapambika. Yule daktari alikuwepo. Alikuwa anajenga hospitali kubwa na alihitaji watu wa kila aina, na kila wakala mjini alikuwa anammezea mate. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Ni nani aliyenichagulia wale wafagiaji wangu?"

Shemeji akamshika Tabasamu begani. "Kijana wangu huyu hapa."

Kijana huyo siku wafagiaji wale wanachaguliwa hakuwa hata anaujua mji huu. Alitabasamu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Daktari aliitwa kwenye simu akatoka. Mgeni mmoja akamwona Shangazi kwenye upenyo wa pazia, akauliza yule mama ni nani. Shemeji akacheka.

"Yule tunamweka nyuma. Tukimweka mbele, mteja hajui kama anasalimiwa yeye au ukuta."

Watu walicheka, juisi mkononi. Dada hakucheka. Lakini hakusema neno pia, alitazama viatu vyake. Shangazi aliliweka jagi chini polepole lisitoe sauti. Aliumia. Hakuumia kwa utani, kwani utani wa ukuta yeye mwenyewe alikuwa na mzuri zaidi. Aliumia kwa sababu kazi yake amepewa mtu mwingine mbele ya macho yake, na wakati huo huo akachekwa kwa macho hayo hayo.

Kesho yake alimfuata Shemeji. Hakupiga kelele. "Nataka kiti changu kirudi mbele. Na nataka umwambie Daktari ukweli."

"Tutaona, Shem. Ngoja kwanza asaini ule mkataba wa hospitali. Anakuja tarehe moja, asubuhi, kuwaona watu watakaomfanyia kazi. Kwa sasa, tafadhali, wageni wakiwepo usipite mbele."

Katika "tutaona" ya Shemeji hakuna aliyewahi kuona kitu. Shangazi alirudi stoo, akashusha maboksi, akakifuta kiti kwa kanga, akakikalia. Akakaa hapo asubuhi nzima akiwa na hasira ambayo haikumfanya atetemeke wala alie. Ilimtuliza. Akajisemea, wewe si unataka sura? Nitakuachia sura yako peke yake, uone kama inapokea simu.

Sasa mganga hajigangi, nanyi mnalijua hilo. Ofisi ile iliyoandika mikataba ya watu wa mji mzima haikuwa na mkataba hata mmoja wa watu wake. "Mikataba ya nini? Sisi ni familia," Shemeji alizoea kusema, hasa mtu akiomba likizo. Tena kulikuwa na sheria moja ambayo yeye mwenyewe aliitunga na kuwafundisha wote, na wote waliirudia kwa kila aliyekuja kutafuta kazi: kazi mpya usimwambie bosi wako wa sasa mpaka barua iwe mkononi. Shangazi aliitazama sheria hiyo kwa macho yake yote mawili, kila moja kwa upande wake, akaipenda.

Alikuwa na simu, na kwenye simu hakuna makengeza. Alijua waajiri wote na waajiri wote walijua sauti yake.

Alianza na mhasibu. Yule bwana alikuwa anaumwa mgongo kwa kukaa, na moyo wake ulikuwa kwenye kufundisha. Shangazi alimkuta akila chakula cha mchana peke yake.

"Mwanangu, bado unawafundisha watoto wa jirani hesabu jioni?"

"Bado, Shangazi. Bure tu."

"Kuna chuo kinatafuta mwalimu wa hesabu za biashara. Nimekutaja. Nenda ukawaone."

Mhasibu aliacha kutafuna. "Shemeji yako je?"

"Barua ikiwa mkononi, utamwambia. Si ndiyo sheria?"

Ndiyo ilikuwa sheria. Alikwenda, akapata, akaambiwa aripoti tarehe moja. Shangazi ndiye aliyependekeza tarehe moja. Aliwaambia wenye chuo kwamba ni vizuri mtu aanze na mwezi, hesabu zinakuwa safi, nao wakaona ni wazo la maana.

Akafuata binti wa mapokezi, aliyekuwa anajua lugha za kigeni na akizitumia kuwaambia watu wakae pale. Kampuni ya safari ilimchukua. Akafuata mama wa chai, ambaye maandazi yake yalifanya watu wasiokuwa na shida ya kazi waje kusailiwa. Mkahawa wa hospitali ya zamani ulimpa jiko zima. Dereva alipata basi la shule, na hilo ndilo alilolitaka tangu zamani kwa kuwa Jumamosi hakuna shule na yeye alikuwa mtu wa mpira. Kila mmoja aliitwa peke yake, kila mmoja aliapa kunyamaza, na kila mmoja alidhani ni yeye tu. Shangazi hakumdanganya mtu. Hakumvuta mtu kwenye kazi mbaya. Kisasi chake kilikuwa kitamu kwa sababu kila aliyekishika alisema ahsante.

Alibaki Tabasamu. Huyu, Shangazi alipanga kumwumiza, tusifichane. Alitaka amtafutie kazi ya kubeba mizigo bandarini. Lakini siku moja kijana alikuja mwenyewe stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi na suti yake.

"Shikamoo, Shangazi. Naomba nikuulize. Hivi hawa watu mbona kwangu wote ni wazuri?"

"Wazuri vipi?"

"Wakiingia tu wanajiweka sawa. Wanaume wanaingiza tumbo, wanawake wanarekebisha nywele. Wanasema kila ninachotaka kusikia. Nimempeleka mlinzi kiwandani, akalala mpaka wezi wakamfunika shuka. Yule wa stoo ya dawa ndio usiseme. Mimi nikimtazama mtu, simwoni. Namwona anavyojitazama kwangu." Alijifuta uso. Bila lile tabasamu alionekana mdogo na mwenye usingizi. "Na siku ile ya Daktari sikulala. Sikujua nisemeje."

Shangazi alitaka kuendelea kumchukia, chuki ikakataa. Akamwuliza swali lake, lile la siku zote, kisha akanyamaza kama kawaida. Kijana alifikiri mpaka simu ikaita na kuacha. Halafu akasema kwamba baba yake alipokuwa mgonjwa, hawezi kuinuka, yeye alikuwa anamvalisha shati na tai kila Jumapili na kumshikia kioo, na mzee anacheka. Hakuna aliyejua, maana mzee aliona aibu.

"Sura yako ni mali," Shangazi alimwambia, "ila umeipeleka sokoni kwa wauza samaki na wewe unauza maua. Kuna duka la suti za maharusi. Wanatafuta mtu wa kuwavalisha wateja. Mtu akijitazama kwako, huko hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Kijana alicheka, mara hii kwa dhati. Tarehe moja, akaambiwa. Akaapa kunyamaza.

Kisha ikaja Jumapili, na Shangazi akaenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa ametoka kwa marafiki. Dada alikuwa sebuleni, kwenye kochi lisilokaliwa na watu, amekaa wima kama aliyewekwa. Alikuwa mzuri bado. Alikuwa mzuri tangu utotoni, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kukaa mbele wakati mdogo wake anakaa jikoni.

"Siku ile ulinyamaza," Shangazi alisema.

Dada hakujifanya haelewi. "Nilinyamaza. Nimeshindwa kulala nalo, mdogo wangu."

"Sijaja kugombana. Nimekuja kukusaili."

"Kunisaili mimi? Mimi najua nini?"

"Niambie kitu ulichowahi kukifanya vizuri na hakuna aliyekuona."

Dada aliangalia pazia, akaangalia kucha zake. Shangazi alisubiri. Alikuwa na subira ya kazi, ile ya kuacha kimya kimuume mtu mpaka aseme. Mwishowe Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba wasichana wa kazi wa mtaa mzima huwa wanakuja mlango wa nyuma mumewe akitoka. Wakinyanyaswa wanakuja kwake. Yeye anampigia mwenye nyumba, anaongea naye vizuri, bila kumtisha, mpaka yanaisha. Wengine amewahamishia nyumba nyingine zenye watu wema. Anawajua wote, anajua nani kaolewa, nani karudi shule. Alipofika hapo alianza kulia, wanja ukamchuruzika, hakujali.

"Hajawahi kuniuliza," alisema. "Miaka yote hii. Huniambia tu nivae lile gauni la kijani."

"Nimekipanga tena kile chumba cha juu ya fundi cherehani. Benchi bado lipo. Nahitaji mtu wa kupokea simu na kuongea na waajiri, mtu asiyewatisha."

"Na nyumba yangu je? Na mume wangu?"

"Nyumba yako iko pale pale. Jioni utarudi. Mumeo mwambie barua ikiwa mkononi, ndiyo sheria yake." Shangazi akatoa bahasha mkobani, akaiweka juu ya meza. "Barua hiyo."

Tarehe moja ikafika, kama zinavyofika zote. Shemeji alipanda ngazi akiwa na tai mpya. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuwahi kuufungua mwenyewe, ikabidi ajaribu funguo zote mpaka mmoja ukakubali. Ndani kulikuwa kweupe, vioo vinang'aa, viti vimegeukia kila upande. Simu ya mapokezi ikaita. Akasubiri mtu aipokee. Ikaita tena. Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa na barua zimepangwa vizuri, moja ya kila mtu, kila moja inamshukuru na kumtakia heri. Alizisoma amesimama, na kila alipomaliza moja tai ilizidi kumkaba.

Akakimbilia stoo. Shangazi, aliyejifungia ndani kwa ufunguo wake, alikuwa anafunga mkoba. Kiti cha baba yake kilikuwa tayari mlangoni.

"Shem, watu wako wapi? Nani kawachukua?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nimewapatia kazi, Shemeji. Si ndiyo kazi yangu?"

Shemeji alishika fremu ya mlango. "Mimi niliyekutoa jikoni kwenu. Kweli asante ya punda ni mateke."

"Na usitukane wakunga na uzazi ungalipo," Shangazi alijibu, akiendelea kufunga zipu. "Daktari anakuja asubuhi hii, sivyo?"

Hapo ndipo Shemeji alipoelewa vizuri. Alikaa juu ya maboksi, palepale alipokuwa amekaa Tabasamu. Alipoongea tena sauti ilikuwa imepungua. "Nisaidie leo tu. Rudi mbele, kaa kwenye kiti chako. Nitamwambia ni wewe."

"Mwambie nani?"

"Daktari."

"Hapana, nauliza unamwambia nani sasa hivi. Unaongea na paji langu la uso. Nitazame."

Alijaribu. Macho yake yalikwenda kulia, yakaenda kushoto, yakapotea. "Shem, sijui nitazame lipi."

"Lolote. Yote mawili yanakuona."

Akatazama. Hayakuwa kitu cha kutisha, yalikuwa ni macho ya mwanamke wa makamo aliyechoka na mwenye hasira, lakini Shemeji aliinamisha kichwa kabla ya kusema neno. Kwa Shangazi hiyo haikutosha. Alitaka maneno, tena alitaka yasemwe mbele za watu, kama alivyochekwa mbele za watu. Akakiinua kiti.

"Ngoja, basi. Ngoja nimpigie dada yako," Shemeji alisema, tayari ana simu sikioni. "Avae haraka, aje akae mapokezi. Hata Daktari akikuta sura moja nzuri... Haloo? Mke wangu, uko wapi? Vaa lile la kijani, njoo ofisini mara moja."

Stoo ilikuwa kimya, na Shangazi aliisikia sauti ya dada yake ikitoka kwenye simu, tulivu, yenye adabu.

"Niko kazini, baba watoto. Barua nimekuachia chini ya sahani yako, naona hukunywa chai. Nitakupigia mchana."

Shemeji aliendelea kuishika simu sikioni hata baada ya kukatwa. Shangazi alishuka ngazi na kiti chake, akipumzika kila kona. Chini akakutana na Daktari anapanda, miwani kichwani, ana haraka. Daktari akampisha kwa sababu ya kiti.

"Pole mama, kizito hicho. Ofisi ya ajira ni huku juu?"

"Ni huko, Daktari. Mwenyewe yupo, anakusubiri."

Akamwacha apande. Angeweza kumwambia kila kitu palepale ngazini, lakini hakutaka kumpunguzia Shemeji hata ngazi moja. Alivuka barabara, akakiweka kiti chini ya dirisha la fundi cherehani, kando ya benchi ambalo fundi alikuwa ameshalitoa nje. Watafuta kazi walishaanza kukaa. Dada alitokeza kichwa dirishani juu, simu imebanwa begani.

"Amekuja?"

"Kapanda."

"Atashuka?"

"Atashuka. Kule hakuna wa kumpa hata maji."

Alishuka. Na nyuma yake alishuka Shemeji, tai imelegea, wakavuka barabara pamoja mpaka mbele ya benchi. Watafuta kazi wakasogeza magoti. Fundi cherehani akasimamisha mashine. Daktari akamtazama Shangazi, akamtazama na Shemeji, mikono ameifunga kifuani.

"Nimemwuliza yuko wapi yule kijana aliyenichagulia wafagiaji," Daktari alisema. "Kaanza kunieleza mambo yasiyoeleweka. Nikamwambia aseme mbele ya mwenyewe."

Shemeji alimtazama Shangazi, tena machoni, akachagua jicho moja akalishikilia kama mtu anayeshika kamba. "Ni yeye. Aliwachagua yeye. Wote, tangu mwanzo. Yule kijana hakuwepo. Nilisema uongo kwa sababu... kwa sababu ya sura yake huyu."

Benchi zima lilisikia. Mama mmoja wa pale benchini akasema "mh" kwa pua. Dada alikuwa bado dirishani, na safari hii hakutazama viatu vyake.

Daktari akampa Shangazi mkono. "Basi mimi na wewe tuna kazi. Nina wodi nzima hazina watu."

"Karibu juu, chai ipo," Shangazi alisema. Kisha akabaki ameketi kwenye kiti cha baba yake, mikono juu ya mikono ya kiti, akamgeukia Shemeji aliyekuwa amesimama juani hajui aende wapi.

"Na wewe, umekuja kutafuta kazi?"

Shemeji alitazama upande wa pili wa barabara, kule juu kwenye vioo vyake. Simu ilikuwa inaita huko, ilisikika mpaka hapa. Akatikisa kichwa kukataa, halafu akakiinamisha kukubali, halafu akakaa kwenye ncha ya benchi, upande wa ule mguu mfupi, benchi likamwinamia.

"Niambie kitu," Shangazi akasema, "ulichowahi kukifanya vizuri na hakuna aliyekuona."

Shemeji akafungua mdomo, ule mdomo uliowaleta wateja wote wale, akaufunga. Shangazi hakumsaidia. Alisubiri kama anavyomsubiri kila mtu, na Daktari, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi hatua moja ili naye asikie jibu.